Joto Lililokausha Mbao za Nyawira

Nyinyi vijana wa tanuri la jua pale Chaka mliniuliza, siku ile mliponipa kiti na chai mkaniita guka, yaani babu: kati ya moshi, mvuke, stima na jua, ni joto gani linalokausha mbao vizuri? Niliwaambia nitawaandikia, mkadhani ninaringa. Ukweli ni kwamba swali hilo siwezi kulijibu bila kumtaja Kariuki, na nikimtaja kwa mdomo sifiki mwisho. Kwa kalamu ni afadhali kidogo. Mtu akizidiwa anaiweka chini, anaenda kulisha ng'ombe, kisha anarudi.

Nyinyi Kariuki mnamjua kwa mbao zake tu, zile za mti wa mukima zilizokaa kwenu mpaka mkazoea kuziita "mbao za mgonjwa". Mimi nilimjua nikiwa kijana kuliko nyinyi, nilipoajiriwa kwenye kiwanda cha mbao kilichokuwa kati ya Kiganjo na Chaka. Yeye alikuwa anawasha moto wa tanuri la moshi. Tulimwita Kariuki wa Moshi, maana kulikuwa na Kariuki mwingine upande wa msumeno.

Siku yangu ya kwanza alinipa vipande viwili vya mbao akaniuliza ni kipi kimekauka. Nikavishika kwa kiganja, nikavigonga, nikavinusa kama mtu anayejua kitu. Nikasema vyote viwili. Alicheka hadi akakohoa.

"Mkono ya mtu wa kazi ilikufa kitambo," akaniambia. "Haisikii kitu. Weka kwa shavu."

Nikaweka. Kimoja kilikuwa baridi kama pua ya mbwa. Kingine hakikuwa na baridi wala joto, kilikaa tu shavuni kama kipo kwake. Hicho ndicho kilikuwa kimekauka. Nyinyi mna kifaa chenye sindano mbili kinachosoma unyevu, na sikitukani, ni kizuri. Lakini betri yake ikiisha na duka limefungwa, kumbukeni kila mmoja wenu ana mashavu mawili.

Sasa niwaambie tanuri la moshi lilivyokuwa, kwa sababu wengi wenu hamjaliona. Kilikuwa chumba cha matofali kilichochimbwa mtaro sakafuni. Ndani ya mtaro tulilaza mapipa ya mafuta yaliyokatwa matako, moja likashikana na jingine mpaka kwenye dohani upande wa pili. Moto uliwashwa nje, mapipa yakawa mekundu, joto likapanda kwenye mbao. Ni rahisi kujenga, na linakula chochote unacholipa, mabanzi, visiki, hata maranda yaliyonyeshewa. Pia lina haraka kuliko yote. Ila joto lake halina adabu. Mbao za chini zilikuwa zinakauka kama chapati iliyosahauliwa huku za juu bado zinatoa maji, kwa hivyo mtu alilazimika kuingia kuzigeuza moto ukiwaka. Na yale mapipa yalikuwa yanaachana kwenye viungo, chumba kinajaa moshi, halafu mtu anaingia na udongo uliochanganywa na majivu kwenda kuziba. Mtu huyo alikuwa Kariuki. Alikuwa anajifunga leso puani, na hiyo ndiyo ilikuwa kinga yake yote. Akitoka alitema mate meusi, akaomba sigara, na sisi tukacheka. Naomba mjue kwamba tulicheka miaka mingi.

Ubaya mwingine wa haraka ni huu. Mbao ikichomwa mbio inakauka ngozi. Ngozi inakaza huku moyo ungali mbichi, na moyo ukija kukauka baadaye unakuta umebanwa, hauna pa kwenda, unapasuka kwa ndani. Kwa macho huoni kitu. Wakati mmoja tajiri wetu alichukua kazi ya viti vya kanisa fulani kule Nanyuki, kazi ya kukimbizana kwa sababu askofu alikuwa anakuja. Kariuki alisema mbao zile zinahitaji muda. Akaambiwa awashe moto aache maneno. Viti vilitoka vizuri, vikapigwa vanishi vikang'aa. Jumapili yenyewe, mahubiri yako katikati na kanisa limejaa joto la watu, kiti cha mbele kikalia paa! Kingine kikajibu. Nanyuki mnaijua, milio ya wanajeshi wakifanya mazoezi si habari, lakini si ndani ya kanisa. Wazee wa kanisa walilala kifudifudi. Mama mmoja aliruka dirishani na kitambaa chake cha kichwa kikabaki kwenye komeo. Kariuki alikuwa ameketi nyuma kabisa, na aliniambia yeye peke yake ndiye hakushtuka, kwani alikuwa anangoja hivyo tangu wimbo wa kwanza.

Mimi baadaye nilihamishiwa kwenye boila, na hapo nilijiona mtu mkubwa. Boila linakaa nje, moto unachemsha maji, mvuke unapita kwenye mabomba ndani ya tanuri. Moshi haugusi mbao wala mtu. Joto linafika kila pembe sawasawa. Na lina jambo moja ambalo nililipenda kuliko yote: kazi ikikaribia mwisho ulikuwa unafungua vali na kupuliza mvuke kidogo juu ya mbao zenyewe. Wageni walidhani nimerukwa na akili. Umekaa siku nyingi ukifukuza maji, sasa unayarudisha? Lakini ngozi ilikuwa inalainika, inauachilia moyo, mbao inatulia. Usipofanya hivyo, ukiipasua inajikunja na kuubana msumeno kama mtu mwenye kisirani.

Shida ya boila ilikuwa maji. Hapa Kieni mvua inakuja ikijisikia, na boila letu lilikuwa linakunywa kuliko zizi la ng'ombe. Kiangazi akina mama walikuwa wanapita na mitungi yao wakilitazama kwa chuki. Mke wangu, Mama Wanja, aliniambia wakati mmoja, "Hiyo boila yenu inaoga kila siku, na mimi naosha watoto na kikombe." Nikamletea viazi vitamu vilivyochomwa kwenye majivu ya boila hilo hilo. Msitu ulipofungwa na magogo yakakosekana, kiwanda nacho kikafungwa, na boila likachukuliwa na watu wa chuma chakavu. Walilikata hapo hapo uani. Nilienda kutazama, na afadhali ningebaki nyumbani.

Ya stima, huo umeme wa nyaya, nitasema kidogo, kwa sababu niliifanya miaka michache tu, Nanyuki, kwa watu waliokuwa wanatengeneza samani za mahoteli. Lile ni sanduku safi lenye feni na mashine inayonyonya unyevu hewani na kuumimina kwenye ndoo kupitia mpira. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya ile ndoo kama mtoto. Nilikuwa nimefukuza maji ya miti tangu ujana wangu, lakini kwenye moshi na mvuke yalikuwa yanatorokea juu kwa matundu, sikuwahi kuyaona. Nikamchotea Kariuki chupa moja, nikampelekea kwake. Aliinua chupa kwenye mwanga, akaitikisa, akasema, "Kumbe ndio hii tulikuwa tunapigana nayo." Stima inakausha vizuri, mbao inatoka na rangi yake. Lakini ikipotea, na hapa inapotea, hewa ndani inasimama na mbao inaota ukungu mweupe kama mkate wa juzi. Mlinzi wetu alikuwa anafulia sare yake kwa maji ya ile ndoo, akawa ananukia msitu mzima.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka.

Kariuki alipoacha kazi kifua chake kilikuwa kimeshakwisha. Daktari wa Nyeri alisema mapafu yamekuwa magumu na hayatarudi. Kariuki alinipa habari hiyo akitabasamu. "Mimi ndio mbao ya kanisa," akasema. "Nilikauka ngozi tu." Nilicheka ili asione uso wangu.

Alikuwa na binti yake, Nyawira, aliyerudi nyumbani kutoka kwa ndoa iliyomshinda. Alirudi na mtoto wake mdogo, Wambui, ambaye anakohoa kila baridi ikishuka kutoka mlimani. Walikuwa wanalala wote kwenye nyumba ya Kariuki, ambayo ilijengwa kwa mabanzi mabichi ya kiwandani kama nyumba zetu zote za siku hizo. Mabanzi yalipokauka yaliachana, na upepo wa Kieni ulikuwa unaingia humo kama mwenye nyumba. Waliziba nyufa kwa magazeti na ugali, panya wakala ugali, upepo ukarudi.

Kariuki akampa Nyawira kipande cha shamba kwenye kona ya chini, amjengee nyumba ya mbao. Mwanawe wa kwanza, Maina, mfanyabiashara wa Kutus, hakupenda. Maina si mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Lakini alikuwa anasema wazi kwamba msichana hajengi kwa baba yake, na kwamba mambo ya shamba yatazungumzwa na familia wakati wake ukifika. Kariuki alielewa maana ya wakati huo. "Nyumba ikiwa imesimama, hakuna mtu ataing'oa," aliniambia. "Lakini nikienda kama ni shimo tu ya msingi, watakaa kikao, na Nyawira atabaki na hiyo shimo."

Basi akakata miti yake ya mukima, ile iliyokuwa mpakani, aliyoipanda Nyawira akiwa mtoto. Ikapasuliwa mbao za ukuta, za dari na za mlango. Ikabaki kukausha, na mkaushaji akawa mimi.

Mtaniuliza, kwa nini hakujenga tu kwa mbao mbichi kama watu wengine? Kwa sababu ya Wambui. Kariuki alikuwa amelala kitanda kimoja na kile kikohozi, chake na cha mjukuu, na alijua ukuta wa mbao mbichi utafanya nini mwaka ukiisha.

Nilimfuata kitandani. Alikuwa ameketi ameegemea mito, kwa kuwa akilala chali hewa haikumtosha.

"Kariuki," nikamwambia, "kuna mtu Naromoru ako na tanuri ya moshi, na bado inafanya kazi. Tukipeleka huko nyumba itasimama mapema. Utaiona."

Alikusanya pumzi kwanza.

"Hapana. Hiyo moshi imekula mimi. Ukipeleka huko, kuna mtu ataingia kuziba mapipa, na huyo ni kijana ya mtu. Na mbao itatoka imekaza ngozi. Itapasuka, na upepo itaingia kwa huyu mtoto. Peleka kwa jua."

"Jua iko polepole."

"Najua."

"Kariuki, unasikia venye nakuambia?"

"Baba Wanja, mimi niliingia hii kazi mbele yako. Nasikia. Peleka kwa jua."

Nilitoka nje nikasimama karibu na zizi lake mpaka nikaweza kuendesha baiskeli. Alikuwa amehesabu siku zake na siku za jua, akaona hazitoshani, na akachagua jua.

Ndivyo mbao zilivyokuja kwenu. Tanuri lenu mnalijua, karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, mabati yaliyopakwa rangi nyeusi, feni ndogo za kusukuma hewa katikati ya fito zinazotenganisha mbao. Mlikuwa mnalionea aibu kidogo kwa vile jua likizama linapoa, na mkaniuliza kama muongeze jiko la usiku. Niliwakataza kwa ukali, na leo ndiyo nawapa sababu. Tanuri likipoa, unyevu uliobaki moyoni mwa mbao unatembea taratibu kuja kwenye ngozi na kuilainisha. Asubuhi jua linaanza upya. Kile nilichokuwa nafanya kwa vali na maji ya akina mama, kwenu kinajifanya chenyewe kila mbao zinapolala. Moto wa kuni haulazi mbao, stima hailazi mbao, na sisi tuliokuwa tunachochea hatukulala pia. Kama mlitaka jibu la swali lenu, ni hilo. Mwenye haraka achome moshi, mwenye maji atafute boila, mwenye stima ya uhakika aitumie. Mimi mbao ya mtu ninayempenda nitaipeleka kwa jua, na nitajua nimemnyima nini.

Kila nilipopita Chaka nilichomoa kile kipande cha kupimia tunachokipanga pamoja na mbao, nikakifunga kwa gazeti, nikampelekea. Alikiweka shavuni akafumba macho. "Bado," anasema. Ninakirudisha. Wakati mwingine: "Inakuja, inakuja." Nyawira alikuwa anaacha kazi ya jikoni kuja kumtazama, na nilimwona akihesabu pumzi za baba yake. Mara ya mwisho hakuweza kuinua mkono. Nyawira ndiye aliyemshikia kipande shavuni. Alikaa nacho muda mrefu mpaka nikadhani amelala.

"Imebaki kidogo," akasema. Halafu akanitafuta kwa macho. "Usitoe kabla. Hata nikienda."

Nilimwahidi. Alikwenda wiki hiyo hiyo.

Yaliyofuata mliyaona, ila labda hamkuyaelewa yote. Nyinyi ndio mlionipigia simu kwamba Maina amefika na pikapu na fundi wa majeneza. Nilipofika alikuwa amevua kofia, macho mekundu, na alinisalimia kwa heshima.

"Mzee, tumekuja kuchukua mbao ya baba. Tunataka jeneza yake itengenezwe na miti yake mwenyewe."

Lilikuwa neno zuri, na lilinibana. Nani atasimama mbele ya watu akatae mtu azikwe kwa miti aliyoipanda? Lakini nilijua mbao zikishakatwa, zitakazobaki hazitoshi ukuta, na msingi wa Nyawira utabaki shimo kama alivyosema baba yake. Sidhani Maina alikuwa amefikiria hivyo kwa hila. Nadhani huzuni na kile alichokitaka siku zote vilikuwa vimekutana njiani.

"Haijakauka," nikamwambia.

"Ikauke ya nini, mzee? Jeneza ni ya kuzikwa. Uliza huyu fundi kama anatumianga mbao kavu."

Fundi akatikisa kichwa. Ni kweli, hakuna anayekausha mbao ya jeneza. Sisi wote tunajua.

"Umesema ukweli," nikamwambia. "Jeneza haihitaji mbao kavu. Sasa nenda hapo kwa barabara ununue mbichi, iko mingi. Hii imekaa kwa jua wakati hii yote kwa sababu ni ya mtu ataishi ndani."

"Ati unanikataza mbao ya baba yangu? Wewe si wa familia."

"Mimi si wa familia. Mimi ndio baba yako aliachia mbao. Aliniambia nisitoe kabla, hata akienda."

Alinikaribia, na nilidhani atanisukuma. Nikachomoa kile kipande, nikampa. Sikuwa na silaha nyingine.

"Weka kwa shavu," nikasema.

Hakuuliza kwa nini. Kumbe Kariuki alikuwa anafanya hivyo na watoto wake wote. Alikuwa akitoka kazini akinukia moshi, anawapanga mlangoni na kuwabandika vipande mashavuni, wabashiri. Maina alikiweka kama alivyofundishwa, akainamisha kichwa, akafumba macho. Nyinyi mlikuwa mmesimama pembeni mkitazama viatu vyenu.

"Bado kidogo," akasema. Kisha akakaa kwenye gogo na kulia kwa sauti, mtu mzima mwenye mvi, kipande kikiwa bado shavuni.

Kariuki tulimzika kwa mbao mbichi za saipresi zilizonunuliwa barabarani. Jeneza lilikuwa zito hadi wabebaji wakabadilishana mara kadhaa, na maji yalikuwa yanavuja kwenye misumari. Yeye mwenyewe alikuwa amebaki mwepesi sana. Nilifikiria angetucheka, mtu aliyefukuza maji maisha yake yote kupelekwa nayo kaburini, na nikageuka upande nikalia.

Mbao zilipokuwa tayari mlinisaidia kuzipakia. Siku ya kuezeka Maina alikuja kutoka Kutus amevaa nguo za kazi. Hakutoa hotuba. Alishika ngazi tangu asubuhi mpaka bati la mwisho, na kikao cha shamba hakijaitwa mpaka leo.

Nilienda kwa Nyawira juzi. Upepo wa Kieni ulikuwa umeamka vibaya, ule unaobeba vumbi la Chaka mpaka mlangoni kwa watu. Nyawira alifunga mlango, nao ukaingia kwenye fremu yake bila kusukumwa. Wambui alikuwa amelala kitandani, sikumsikia akikohoa.

"Baba Wanja," Nyawira akasema, "hebu niangalilie kama kuna mahali upepo inaingia. Wewe ndio unajua."

Nikaanzia mlangoni. Nilipitisha shavu kwenye kila kiungo cha ukuta, ubao baada ya ubao, kwa sababu kiganja changu nacho kilikufa kitambo. Hapakuwa na upepo. Nilipofika kona ya mwisho niliacha shavu hapo, kwenye mukima wa Kariuki, nikakaa hivyo kwa kuwa sikutaka anione uso.

"Kuna upepo hapo?" akaniuliza.

"Hapana," nikamwambia. "Imekauka."